Kujitolea Kunakofika Mwaka wa Pili: Mafunzo kutoka Moshi na Arusha

Kikundi cha kujitolea kinachosaidia waathirika wa vimbunga na mafuriko hakifi kwa kukosa huruma. Hufa mwezi wa tatu au wa nne, pale picha za maafa zinapoacha kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp, michango inapokauka, na dereva aliyetoa gari lake bure mara mbili anapopata wageni wa kupeleka Serengeti. Kijijini, wakati huohuo, anayekumbuka ahadi ni yule mama aliyeambiwa bati zake zinakuja. Wiki za kwanza huwa na Serikali, jeshi, Msalaba Mwekundu, makanisa, misikiti na kila mwenye lori. Mwezi wa nne huwa na mvua nyingine inayokaribia na nyumba ambayo bado haina paa. Tunayoandika hapa ni yale ambayo kazi hii imetufundisha sisi tunaoifanya tukitokea Moshi na Arusha, na karibu yote yanahusu jambo moja: mfanye nini mwanzoni ili mwezi wa ishirini muwe bado mpo.

Kimbunga chenyewe hakitufikii huku milimani. Hula joto la bahari, na kikigusa nchi kavu huanza kupoteza nguvu. Tena vingi vya upande huu wa Bahari ya Hindi vinavyofika nchi kavu hushukia Madagaska na Msumbiji. Lakini pwani yetu haijasalimika. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilisogea hadi Mafia, mvua zikamwagika Kilwa na Lindi mpaka barabara ya Dar es Salaam kwenda kusini ikakatika Somanga. Mwaka 2019 Kimbunga Idai kilipoivunja Beira, Msumbiji, mwezi Machi, haikupita hata miezi miwili kabla ya Kenneth kupiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Mtwara. Huku kaskazini tunachokijua zaidi ni maji ya mlimani. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh, Gendabi na Jorodom. Upepo wa pwani na tope la mlimani vinatofautiana siku ile vinapopiga. Miezi sita baadaye mwathirika wa Kilwa na wa Hanang wanahitaji vitu vilevile: paa, mbegu, choo, nyaraka, na mtu anayerudi alivyosema atarudi.

Ukitaka kujua namna ya kudumu, usiende mbali. Mitaa yetu imejaa vyama vya kufa na kuzikana, na vingine vilishawazika wazazi wa waanzilishi, sasa vinawazika waanzilishi wenyewe. Watu hawakai na majonzi miaka ishirini. Kinachokiweka chama hai ni mchango mdogo unaojulikana, daftari, zamu ya kuchota maji na kupika, faini kwa asiyefika, na katibu ambaye hambembelezi mtu: anasoma jina. Kikundi cha maafa kijengwe hivyohivyo. Kikitegemea uchungu wa moyo kila safari, kitaisha pale uchungu utakapopoa, nao hupoa kwa kila mtu, hata kwa mwenye roho nzuri kabisa.

Anzeni na hesabu ya watu, kwa sababu hapo ndipo vikundi vingi huanguka bila kujua. Gari moja la watalii hubeba watu saba na dereva. Mkienda kila baada ya wiki sita, na mkiiacha Desemba, mtafanya kama safari nane kwa mwaka, yaani nafasi 56. Mtu mwenye kazi na watoto asiende zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Akienda tano, mwaka wa pili hamtamwona. Hapo mnahitaji watu 28. Ongezeni theluthi, maana wapo watakaougua, watakaojifungua, watakaohamishwa kikazi, mnafika kwenye 38 au 40. Kikundi cha watu kumi na wawili wenye moto mkali kinaweza kufanya miezi mitatu ya ajabu, kisha kinazimika chote kwa pamoja. Kama mko kumi na wawili tu, punguzeni safari ziwe tatu kwa mwaka na mzitimize. Kijiji kinaweza kupanga maisha yake kwa safari tatu za uhakika. Safari kumi zinazoahirishwa kinabaki kuzingoja.

Pesa zigawanywe mifuko miwili tangu siku ya kwanza. Mfuko wa safari ni wa wanachama: watu 40 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 2,400,000. Mfuko wa vifaa ni wa harambee, marafiki na wafadhili. Sababu ni rahisi. Aliyechangia mfuko wa saruji anataka kusikia mfuko wa saruji. Mkimwambia pesa yake ilikuwa dizeli na wali wa njiani, hatarudi. Mifuko ikitengana mnaweza kumwangalia usoni mkamwambia kila shilingi yake imefika Katesh, na ikawa kweli. Bajeti ya mafuta iandikwe kwa lita. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bajeti ya shilingi iliyopangwa Januari inaweza kuwa uongo ifikapo Mei. Arusha hadi Katesh ni kama kilomita 240; Land Cruiser iliyopakia hula lita moja kwa kilomita saba hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama lita 70, na kutoka Moshi kama 90. Ongezeni lita 10 za kuzunguka vijijini, maana kijiji kina vitongoji, na vitongoji vimetawanyika.

Mhazini asiwe mwenyekiti, wala wasiwe mke na mume. Kutoa pesa kuwe na idhini ya watu watatu. Huduma za vikundi za simu kama M-Koba zinawezesha hilo bila kupanga foleni benki. Taarifa itoke kila mwezi tarehe ileile, hata mwezi ambao hakuna kilichoingia wala kutoka. Mwezi wa kimya ndio unaozaa maneno.

Kalenda ya huku ina tabia zake, na asiyeijua atalaumu watu bure. Waongozaji wa Kilimanjaro na wagumu wanaobeba mizigo ni kati ya watu bora kabisa kwa kazi hii: wamezoea kambi, kufunga mzigo, kula pamoja, kuamka alfajiri, na wengi wana mafunzo ya huduma ya kwanza. Lakini Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari, wako mlimani au mbugani, na magari vilevile. Wanapatikana Aprili, Mei na Novemba. Wanavyuo wa vyuo vikuu vya Ushirika na Mwenge, na wa Chuo cha Ufundi Arusha, wana nafasi kubwa Julai hadi Septemba. Walimu ni likizo za Juni na Desemba. Ukipanga zamu kwa makundi haya, mwaka mzima unajaa wenyewe. Ukiita watu wote kila mara, kila mara utapata nusu. Desemba tusiipange kabisa kwa safari. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingine, na huo ndio wakati wa kukusanya ahadi za mwaka unaofuata: mkutano mmoja kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, daftari mezani, kila mtu achague miezi yake.

Hata siku za wiki ziangaliwe. Safari ya siku nne huwa nzuri ikianza Alhamisi na kurudi Jumapili, lakini kwenye kikundi chochote cha kaskazini kuna Waislamu wenye swala ya Ijumaa na Wasabato ambao Jumamosi hawafanyi kazi. Kazi za kuandika, kutembelea wagonjwa na kupika zipangwe zikizingatia hilo, na mtu asilazimike kuomba ruhusa ya kuabudu.

Kuna jambo tunalisisitiza kuliko mengine: kikundi kinachongoja maafa ya mbali hakidumu. Kinahitaji kazi ya karibu inayokiweka pamoja kila mwezi. Mvua ikinyesha sana Kilimanjaro, maji yanaishia Mabogini na Kahe, kwenye mashamba ya tambarare na nyumba za watu. Kuzibua mifereji Februari kabla ya masika, kwa majembe na mapanga tu, ni kazi inayoonekana, iko jirani, na inafundisha wapya namna ya kufanya kazi chini ya kiongozi wa zamu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi kitaifa, inafaa sana kwa hilo, na wazee wa huku wanaolijua neno msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, hawahitaji maelezo. Mtu aende mifereji mitatu ya nyumbani kabla ya kupanda gari la mbali. Anayekuja kwa ajili ya picha huishia mfereji wa kwanza.

Sasa kule kwenyewe. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, kuna kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Msiingie pembeni yao. Barua ya utambulisho itoke kwenye mtaa na halmashauri yenu, ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri na ofisi ya mkuu wa wilaya ya kule, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Inachukua wiki moja au mbili na inaudhi, lakini bila barua mtapata mapokezi mazuri safari ya kwanza na mlango uliofungwa safari ya tatu. Makubaliano yenyewe (mtafanya nini, kwa kaya zipi, hadi lini) yaingizwe kwenye muhtasari wa mkutano wa serikali ya kijiji, na nakala yenye muhuri ibaki kwenu. Watu hubadilika. Hanang haikuwa imetimiza hata mwaka ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, na mwenyekiti mpya hana wajibu wa kukumbuka alichoahidiwa wa zamani kwa mdomo. Watendaji nao huhamishwa. Muhtasari haugombei wala hauhamishwi.

Mpate pia mwenyeji mmoja wa kudumu kijijini, asiye kiongozi wala ndugu wa kiongozi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafaa sana: anajua kila kaya, anajua nani mjamzito, nani haoni vizuri, nani analea wajukuu peke yake. Mlipie bando na vocha kila mwezi, na siku anazowazungusha mlipe kama siku za kazi. Kazi yake kubwa ni kuwaambia ukweli kwa simu kabla hamjaondoka: barabara imekatika, mbao hazijafika, kijiji kina msiba, msije wiki hii. Maeneo ya Hanang wazee wengi wanajieleza vizuri zaidi kwa Kiiraqw au Kidatoga kuliko Kiswahili. Mwenyeji atawaambia lini mnahitaji mkalimani, na asiwe mtoto wa nyumba ileile. Kuna mambo mama hawezi kuyasema kupitia mwanawe.

Orodha ya waathirika ndiyo penye ugomvi mwingi, na kosa la kwanza huwa kwenye kichwa cha daftari. Orodha nyingi huandikwa kwa nyumba. Nyumba ina mwenye nyumba, naye anaandikwa. Mpangaji aliyekuwa na chumba kimoja, kitanda, cherehani na mtaji wa mboga hana nyumba, kwa hiyo hana jina. Andikeni kwa kaya: nani alilala hapo usiku ule, alipoteza nini, sasa analala wapi. Orodha ibandikwe kwenye mbao za matangazo siku saba kabla ya kugawa chochote, na mapingamizi yasikilizwe kwenye mkutano wa hadhara. Siku saba hizo zinaonekana ndefu. Zinaokoa miezi ya chuki.

Marekani, baada ya Kimbunga Katrina cha Agosti 2005, ujenzi wa nyumba za waathirika kwa nguvu za watu wa kujitolea uliendelea kwa miaka. Wenzetu wa kule wana utaratibu tunaoupenda: kamati ya urejeshaji ya muda mrefu, ambapo makanisa, mashirika na vikundi hukaa meza moja, na kesi ya kaya moja inasomwa bila jina, kwa namba. Mmoja anasema ana mbao, mwingine ana fundi, mwingine ana watu sita wiki ijayo. Huku inawezekana kabisa kwenye ofisi ya kata, mara moja kwa mwezi, mtendaji wa kata akiwa mwenyekiti na afisa ustawi wa jamii akiwa na mafaili. Bila meza hiyo, kaya iliyo kando ya barabara kuu inapata magodoro matatu na ile ya nyuma ya korongo haipati hata moja. Hakuna aliyekusudia kuwaonea. Kila gari lilisimama mahali ambapo barabara iliishia.

Kazi inabadilika kadiri miezi inavyokwenda, na aina ya watu wa kupeleka ibadilike nayo. Mwanzo ni tope. Chumba cha mita tatu kwa tatu kilichojaa tope la sentimita 40 kina mita za ujazo 3.6, zaidi ya tani tano, na toroli linalobeba lita 60 litazunguka mara 60. Watu saba wenye matoroli mawili wanamaliza chumba kimoja kwa siku, wakizidi sana viwili. Msiahidi nyumba tatu. Kabla ya kuchimba, fundi mwashi aangalie kuta: tofali bichi lililoloa siku kadhaa huwa limelegea ndani hata kama plasta inang'aa. Tope lipunguzwe pande zote mbili za ukuta kwa usawa, maana ukitoa la ndani lote, la nje litausukuma ukuta uwaangukie. Buti za mpira na glavu kila mtu, bila kujadiliana. Ndani ya tope kuna misumari, vipande vya bati na maji ya vyoo. Chanjo ya pepopunda iwe ndani ya miaka kumi, na mwenye jeraha chafu apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mwezi wa tatu hadi wa sita kazi kubwa ni makaratasi, na hapa vikundi vingi havionekani kabisa. Maji yamechukua vitambulisho, kadi za kliniki, vyeti vya shule, simu. Aliyepoteza simu amepoteza laini. Aliyepoteza laini hapati pesa ya ndugu, na mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo wa ruzuku ya mbolea kwa namba ile ananunua kwa bei kamili. Mpangilio unaofaa ni huu: kwanza ripoti ya polisi ya upotevu, kisha kurudisha laini kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole (kadi ikipotea, namba bado ipo kwenye mfumo), kisha ofisi ya kilimo kurekebisha usajili, na vyeti vya kuzaliwa kupitia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Mwanachuo mwenye simu yenye chaji, subira na nauli ya kumsindikiza mzee mjini anaweza kuhudumia watu wanne kwa siku. Kazi hii haina picha nzuri, na kwa maoni yetu inawafaa watu kuliko magunia mengi ya nguo.

Nguo, tukizitaja, ziishie wiki ya pili. Baada ya hapo mitumba ya msaada inaozea darasani na kumharibia biashara muuza mitumba wa sokoni, ambaye huenda naye ni mwathirika. Peleka sare za shule zilizoshonwa na fundi cherehani wa palepale.

Kanuni hiyo inashika kwenye ujenzi pia. Fundi alipwe, na awe wa kijiji kile. Watu wa kujitolea wawe saidia fundi: kubeba maji, kuchanganya udongo, kupitisha tofali. Vijana wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA waliotoka Moshi wanaweza kujenga ukuta mzuri bure, lakini wakiondoka, fundi wa kijiji amekosa siku kumi za ujira na hakuna atakayerekebisha ufa mwakani. Tofali za inchi sita zifyatuliwe 25 hadi 30 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, zimwagiliwe siku saba. Anayetoa 45 kwa mfuko anafurahisha hesabu ya leo, na tofali zake zitamong'onyoka kwa kidole. Na kabla ya jiwe la kwanza, pimeni umbali kutoka mtoni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Kujengea mtu nyumba ndani ya mita hizo, hata akikulilia kwamba kiwanja ni cha babu yake, ni kumrudisha kwenye njia ya maji. Suala hilo lipelekwe kwenye meza ya kata na serikali ya kijiji, ambao ndio wenye uwezo wa kumtafutia eneo lingine, kama Hanang ambako Serikali ilijenga nyumba mpya Waret.

Anayekwenda pwani baada ya kimbunga ajifunze paa upya, kwa sababu mafundi wa huku wamezoea mvua zaidi kuliko upepo. Upepo mkali haulikandamizi paa, hulinyanyua kutoka chini. Kwa hiyo kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa, isilale tu juu ya lenta, mkanda wa zege wa juu ya ukuta: mkanda wa chuma uzamishwe ukutani kozi (mistari ya tofali) nne chini yake, upandishwe juu, uzunguke mbao na kupigiliwa pande zote mbili. Papi, mbao zinazopigiliwa bati, zisiachane zaidi ya sentimita 90, na zikaribiane kwenye kingo na kileleni, ambako bati huanza kung'oka. Msumari wa bati upigwe juu ya mgongo wa wimbi la bati, kila mgongo wa pili kwenye kingo na kila wa tatu katikati. Bati geji 28, ambalo ni nene zaidi, ni bora kuliko la 30, ambayo huchanika kwenye msumari wakati msumari wenyewe haujatoka. Paa lisichomoze nje ya ukuta zaidi ya sentimita 45, na la baraza lijengwe peke yake, lisiungane na la nyumba, ili upepo ukilichukua liondoke lenyewe. Paa la pande nne huhimili kuliko la pande mbili. Haya yote huongeza gharama kidogo, nayo ndiyo sehemu ya bajeti ambayo kamati hukata kwanza ili zipatikane nyumba mbili zaidi. Ikataeni hesabu hiyo kwa nguvu zote.

Mbegu ina tarehe yake na haisubiri mfadhili. Ukanda wa Hanang hupanda kuanzia Desemba, tambarare za Moshi na Arusha hupanda masika kuanzia Machi. Eka moja ya mahindi inataka kilo 10 za mbegu, na mbegu hiyo iwe mkononi mwa mkulima mwezi mmoja kabla. Ikifika wiki tatu baada ya mvua ya kwanza, italiwa, na mwenye njaa hana kosa. Shamba lililofunikwa na mchanga au kokoto halifai mahindi msimu wa kwanza. Muulizeni afisa ugani kabla ya kununua chochote.

Vyoo vichimbwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Penye maji ya juu, choo kinyanyuliwe.

Tumalizie na watu wenyewe, maana ndio kifaa pekee kisichouzwa dukani. Anayejitolea huchoka kwa namna mbili. Uchovu wa mwili hupona kwa usingizi. Uchovu wa pili unatokana na kusikia hadithi ileile ya mtoto aliyechukuliwa na maji, kaya baada ya kaya, bila cha kujibu. Wafundisheni wote huduma ya kwanza ya kisaikolojia kama inavyoelezwa na Shirika la Afya Duniani: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Kuunganisha ndiko kunakowaokoa, kwa sababu kunampa mtu ruhusa ya kutokuwa daktari wa kila kitu: kesi nzito inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Msimlazimishe mtu kusimulia. Msiulize "ulijisikiaje" mbele ya kamera. Wakati wa kurudi, gari lisimame Babati au Makuyuni kwa chakula cha kukaa chini, na kila mmoja aseme jambo moja lililomwelemea; kiongozi wa zamu ampigie kila mtu simu siku ya tatu. Aliye kimya sana, anayekasirika na wenzake, au anayetaka kwenda kila safari bila kupumzika, apumzishwe zamu moja, na apewe kazi ya daftari ili asijione ametupwa. Mtegemee pia kwamba mvua ya kwanza ya mwaka unaofuata itawatisha watu upya, wao na nyinyi. Siku ya kumbukumbu isipangiwe kazi ya mikono. Nendeni mkakae nao.

Mwisho wa kazi upangwe mapema, na utangazwe kijijini miezi sita kabla. Vifaa vikabidhiwe kwa orodha iliyosainiwa: matoroli mangapi, sururu ngapi, ngazi, misumeno, na nani anatunza funguo za stoo. Mifuko ya pesa ifungwe kwa hesabu iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo za kijiji na kutumwa kwa kila aliyechangia. Kisha ibakizwe safari moja baada ya masika yanayofuata, ya watu watatu tu na fundi mmoja wa kijiji, kupanda juu ya kila paa kuangalia misumari iliyolegea, na kuchungulia kila choo.